Lenzi za Darubini Mpakani: Tijara Ndogo Yenye Bei Kubwa

Katika malori yanayopanga foleni Malaba kungojea kuingia Uganda, yakiwa yamesheheni mafuta, saruji, ngano na mbolea, na katika mizigo midogo midogo inayovushwa Busia kwa mikokoteni, kwa bodaboda na vichwani mwa akina mama, hutaiona bidhaa ambayo makala haya yanakusudia kuieleza, kwa sababu hutoshea mfukoni mwa koti ilhali bei yake mara nyingine huzidi ya televisheni: nayo ni lenzi ya jicho ya darubini ya nyota, kile kipande kifupi cha chuma cheusi chenye vioo ndani yake ambacho mtazamaji hukichomeka mwishoni mwa bomba la darubini na kukiwekea jicho lake. Hapana mtaa mpakani wenye duka mahsusi la vitu hivi. Wachache wanaovihitaji, nao ni walimu wa fizikia, vijana waliovutwa na ilmu ya falaki, na wastaafu wenye nafasi, huviagiza Nairobi vikaja kwa basi kama kifurushi, au huwasihi jamaa walioko ng'ambo wavitie katika mizigo yao wanapokuja likizo.

Aghalabu safari ya mnunuzi huanza vibaya, na kosa si lake. Darubini ya kwanza kumfikia huwa ile ya lenzi ya milimita 60, yenye miguu mitatu myembamba, katika sanduku lenye picha ya Zohali na pete zake na maandishi makubwa ya kwamba chombo hiki hukuza mara 525. Hesabu yenyewe si ya uongo: urefu wa fokasi wa bomba ni milimita 700, na ukiugawanya kwa lenzi ya jicho ya milimita 4 unapata 175, kisha lenzi ya Barlow ya mara tatu ikiongezwa, 525 inatimia. Lakini kwa mujibu wa kanuni ya fani hii, darubini haistahimili ukuzaji upitao takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, maana yake chombo hicho mwisho wake ni 120, na zaidi ya hapo mtazamaji hukuza ukungu tu. Lenzi zinazokuja ndani ya sanduku hilo huwa na tundu dogo la kuchungulia, na baadhi yake zina vioo vya plastiki, hata mtoto akiangalia mara mbili hurudi kucheza mpira, na darubini huishia juu ya kabati. Hivyo ndivyo soko hili linavyojiua lenyewe kabla halijazaliwa.

Ili kuelewa kwa nini lenzi njema ni ghali, yafaa kutazama inakotoka. Kwa muda mrefu lenzi ya jicho ilikuwa na vioo viwili tu, kama alivyoibuni Christiaan Huygens wa Uholanzi katika karne ya 17; mwaka 1860 fundi wa Vienna, Georg Simon Plössl, akaunganisha jozi mbili za vioo, na umbo lake hilo la vioo vinne, lionyeshalo upeo wa kadiri ya digrii 50, hadi leo linauzwa kwa wingi. Mapinduzi ya biashara yalikuja baada ya mwaka 1977, Mmarekani Al Nagler, aliyekuwa amebuni vioo vya mitambo ya kuwafunza wanaanga wa NASA, alipoanzisha kampuni ya Tele Vue, na miaka michache baadaye akatoa lenzi iliyobeba jina lake, yenye upeo wa digrii 82, ambayo mtu akiitazamia huona kana kwamba ukingo wa tundu umetoweka na yeye mwenyewe amesimama mbinguni. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikatoa Ethos, yenye digrii 100. Kila digrii iliyoongezwa ililipiwa kwa vioo zaidi, kwa tabaka nyingi za utando wa kuzuia mng'ao, na kwa kazi ya kupanga vioo sita, saba au zaidi kwenye mhimili mmoja bila kupinda hata kidogo, na hapo ndipo bei ilipotoka.

Viwanda vyenyewe ni vichache kuliko majina yanayouzwa. Sehemu kubwa ya darubini za watu wa kawaida duniani hutoka Taiwani na China, na Synta, mwenye jina la Sky-Watcher, aliinunua Celestron ya Marekani mwaka 2005, naye Ningbo Sunny wa China akainunua Meade mwaka 2013. Mwaka 2019 baraza la mahakama huko California liliona kwamba Ningbo Sunny alikuwa amekula njama na mshindani wake juu ya bei na soko, akaamriwa kuilipa fidia kubwa kampuni ya Orion iliyomshtaki. Orion ikaichukua Meade, na mwaka 2024 zote mbili zikafunga milango. Mnunuzi wa Busia hana haja ya kuijua kesi hiyo neno kwa neno, ila ajifunze mambo mawili: kwamba lenzi mbili zenye majina tofauti na bei tofauti huenda zilitoka kwenye meza moja ya fundi, na kwamba dhamana iliyoandikwa kwenye karatasi ina uzito wa kampuni iliyoiandika tu. Kwa sababu hiyo asiyetaka kubahatisha huelekea kwa watengenezaji walioshikilia jina lao kwa muda mrefu, kama Tele Vue wenyewe, Pentax ya Japani au Baader ya Ujerumani, na hulipa ziada akijua anacholipia.

Bei, tukikadiria dola moja kwa shilingi 130 za Kenya, na kabla ya nauli na kodi, zimekaa kama ngazi. Plössl ya kawaida hupatikana kwa dola 30 hadi 50, yaani kati ya shilingi 4,000 na 6,500. Lenzi ya digrii 82 ya kiwanda cha Asia hucheza karibu na dola 150 hadi 200. Nagler hupita dola 300, na Ethos hupita 600, ambazo ni zaidi ya shilingi 78,000. Mtu akiambiwa kwamba kipande kile kina bei ya kuishinda darubini nzima atakamokitia, kwanza hucheka. Nionavyo mimi, akae kidogo aifikirie jiografia yake kabla hajacheka tena.

Busia iko takriban nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na Malaba juu yake kidogo. Katika nchi za kaskazini, mwenye uwezo hununua stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini ili darubini ifuate mzunguko wa mbingu kwa kuzungusha kifundo kimoja; huku kwetu nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miembe na mabati ya jirani, na stendi nyingi za aina hiyo zilizoundwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani hazikubali kuinamishwa chini ya digrii 15 au 20. Matokeo yake stendi ya fahari hugeuka kuwa mzigo. Chombo kinachofaa hapa ni kile cha kisanduku cha mbao alichokieneza John Dobson wa San Francisco, ambacho husukumwa kwa mkono juu na chini, kushoto na kulia, wala hakidai betri wala kuelekezwa popote. Lakini mkono hauna saa ndani yake, na dunia haisimami: hugeuka digrii 15 kila saa, na sayari zipitazo karibu na utosi wetu hukimbia kwa mwendo huo huo kamili.

Hapo ndipo lenzi pana inapoilipa bei yake. Chukua darubini ya kioo cha milimita 200 yenye fokasi ya milimita 1,200, uitie lenzi ya milimita 12 upate ukuzaji wa mara 100. Kwa Plössl ya digrii 50 utaona nusu digrii ya mbingu, na Zohali ikiingia upande mmoja itatoka upande wa pili baada ya dakika mbili. Kwa lenzi ya digrii 82 itakaa zaidi ya dakika tatu, na kwa ile ya digrii 100 dakika nne. Dakika mbili za ziada zaweza kuonekana upuzi kwa mtu aliye peke yake, lakini mwalimu aliye na wanafunzi 40 wamejipanga uwanjani, kila mmoja akimpisha mwenzake, hatasema hivyo. Kwa ufupi, pesa ambazo mtu wa London angeziweka kwenye stendi, mtu wa Busia aziweke kwenye lenzi.

Kuna sababu ya pili. Darubini nyingi fupi na rahisi kubeba zina uwiano wa fokasi wa 5, yaani fokasi ni mara tano ya kipenyo, ambao hutoa mwali mkali wenye kuchanua upesi, na lenzi dhaifu haiwezi kuumudu. Ukiiweka nyota katikati ni nukta, ukiisogeza ukingoni inaota mbawa. Lenzi iliyobuniwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo, ingawa si yote, kwani nyingine ni ya kioo kikuu chenyewe. Kununua darubini kama hiyo na kubaki na lenzi zilizokuja nayo ni kama kununua redio kubwa yenye spika iliyopasuka.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba ghali zaidi ni bora zaidi kwa kila jicho. Mvaa miwani sharti aulize umbali wa jicho kutoka kwenye kioo, usipungue milimita 17 au 20, la sivyo hataona upeo wote aliolipia. Mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ambaye mboni yake gizani haifunguki zaidi ya milimita 5 hivi, hana faida ya lenzi ya milimita 32 katika darubini ya uwiano wa 5, kwa maana mwale utokao una milimita 6.4 na ziada yake humwagika nje ya jicho. Tena lenzi kubwa za inchi mbili, ambazo baadhi yake hukaribia kilo moja, huiinamisha pua ya darubini ndogo mpaka mtu afunge jiwe upande wa pili. Kwa anayeanza, lenzi mbili njema za milimita 24 na 16 pamoja na Barlow ya mara mbili zinamtosha, maana huzaa pia 12 na 8, na katika mikoa hii ya ziwa hewa hairuhusu ukuzaji kupita 200 isipokuwa usiku mmoja mmoja.

Sasa forodha. Wafanyabiashara wadogo wa Busia wameuzoea utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao huwaruhusu kuvusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 bila ushuru, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, shughuli hiyo imekuwa nyepesi. Lakini msamaha huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kama mahindi, maharagwe na samaki. Lenzi ya Japani au Taiwani haiwi ya Afrika Mashariki kwa kupita Kampala. Wako wanaodhani kwamba wakiagiza kupitia upande wa pili watakwepa gharama, ilhali kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Uganda na asilimia 16 Kenya, na ushuru wa nje wa Jumuiya ni mmoja. Faida yao huishia kwenye nauli. Ankara ya kweli, iliyotaja kitu kwa jina lake, ndiyo njia ya mkato iliyopo.

Baada ya kodi, adui ni unyevu. Joto na mvua za bonde la ziwa huotesha kuvu ndani ya vioo, na ukiielekeza lenzi iliyotumika kwenye ukuta mweupe au dirisha utaiona kuvu hiyo kama nyuzi za buibui zilizotandaa kutoka ukingoni. Lenzi ya namna hiyo usiinunue hata kwa nusu ya bei. Njema ihifadhiwe katika mkebe wa kufunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, si katika mfuko wa ngozi. Vumbi la barabara ya malori lipulizwe kwa mpira wa hewa, kisha brashi laini, na mwisho kabisa pamba safi yenye tone la spiriti safi; pindo la shati lina mchanga, na mchanga hukwaruza utando ambao ndio nusu ya thamani.

Mahali pa kutazamia pia ni sehemu ya mtaji. Mijini zile taa za juu ziitwazo mulika mwizi zimewanufaisha wauza mboga wa usiku na kuzifukuza nyota hafifu, basi mwenye lenzi pana huelekea Budalang'i na Osieko, kando ya ziwa. Huko wavuvi wa omena hutoka na taa zao katika usiku usio na mwezi, nao ndio usiku ule ule anaoutaka mtazamaji. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena ukifungwa na serikali ziwa huwa giza tupu, ila masika nayo huwa imetanda kwa sehemu ya muda huo. Kuanzia Desemba hadi Februari mbingu huwa safi, na faida ya ikweta hujidhihirisha: fungu la nyota la Omega Centauri upande wa kusini na galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini huonekana vizuri kwa nyakati zao, neema ambayo wakazi wengi wa Ulaya na wa Australia hawana.

Kwa kuwa lenzi njema huishi kuliko darubini, na hushika bei yake inapouzwa tena, sioni sababu kila shule kununua yake. Mradi wa Travelling Telescope wa Susan Murabana na Daniel Chu Owen umeonyesha kwa miaka mingi nchini Kenya kwamba darubini moja nzuri yaweza kuzunguka shule nyingi. Shule tatu au nne za Teso na Matayos zikichanga zinaweza kumiliki lenzi mbili ambazo hakuna hata moja kati yao ingezimudu peke yake.

Wafanyabiashara nao wana msimu unaokuja. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, na giza kamili likapita Pakwach kaskazini mwa Uganda na Turkana, miwani ya karatasi ya kutazamia jua ilitafutwa sana. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Misri, ambako karibu na Luxor giza litazidi dakika sita, na huku kwetu litamegwa sehemu tu. Atakayeagiza bidhaa kwa siku hiyo aagize vichujio vya kufunika mdomo wa mbele wa darubini, na miwani yenye alama ya ISO 12312-2. Na mwenye darubini ya zamani iliyokuja na kichujio kidogo cheusi cha jua cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho akitupe leo, kwa sababu hupasuka kwa joto la jua wakati jicho limekwisha kuwekwa.