Jezi ya Njano Huanzia Kwenye Mkataba

Tarehe 4 Julai 2026 mbio za baiskeli za Tour de France zitafunguliwa Barcelona, Hispania, na kumalizika Paris tarehe 26. Ni hatua 21 ndani ya siku 23, kilomita 3,333 za barabara, na njiani ipo milima ya Pyrenees, Massif Central, Vosges, Jura na Alps. Kampuni za kubeti zinamtanguliza Tadej Pogačar wa Slovenia, na anayesuka mkeka kwa jina lake atavuna kidogo hata akipatia. Swali lenye uzito zaidi kwa kurasa za uchumi ni hili: kati ya waendeshaji zaidi ya 170 watakaoanza, kwa nini wanaoweza kweli kuipigania jezi ya njano, ile ya kinara wa mbio, hawazidi vidole vya mkono mmoja? Jibu langu ni kwamba orodha hiyo huandikwa wakati wa baridi, miezi mingi kabla ya mbio, pale mawakala na wadhamini wanapokaa mezani.

Tuanze na mapato, maana mchezo huu hauingizi fedha kama soka. Klabu ya soka ina uwanja, kiingilio, mgawo wa haki za televisheni na wachezaji wa kuuza. Timu ya baiskeli haina uwanja. Mamilioni ya watu husimama kando ya barabara za Ufaransa kila Julai bila kulipa hata senti. Haki za televisheni ni za mwandaaji, kampuni ya ASO, iliyo mikononi mwa familia ya Amaury, wamiliki wa gazeti la L'Équipe. Miji inayotaka hatua ianzie au iishie kwao huilipa ASO. Wenye chapa wanaotaka magari yao yawemo katika msafara wa matangazo unaotangulia mbio nao huilipa ASO. Timu hupokea ada ya kushiriki ya takriban euro 50,000 na kile watakachokivuna katika zawadi, ambazo jumla yake kwa timu zote ni karibu euro milioni 2.3. Bingwa hupewa euro 500,000, na mshindi wa hatua moja euro 11,000. Kwa desturi bingwa hazitii mfukoni peke yake. Hugawana na wenzake wa timu na mafundi.

Sasa weka hizo kando ya gharama. Makadirio ya vyombo vya habari vya Ulaya yanaipa UAE Team Emirates-XRG, timu ya Pogačar, bajeti ya zaidi ya euro milioni 50 kwa mwaka, na mshahara wake mwenyewe unatajwa kuwa karibu milioni 8. Hata timu ishinde kila kitu mwezi Julai, zawadi zote hizo haziwezi kuwalipa waendeshaji, makocha, wapishi, madaktari na madereva wa mabasi. Pengo linazibwa na mdhamini, na ndiyo maana timu haina jina jingine ila la mdhamini wake. XRG ni kampuni ya uwekezaji ya shirika la mafuta la Abu Dhabi, ADNOC. TotalEnergies, ambayo vituo vyake vya mafuta vimetapakaa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ina timu yake. CMA CGM, ambayo makontena yake hushushwa Mombasa, imeungana na Decathlon kuidhamini timu ya Ufaransa. Mlolongo huu ni wa kale: mbio zenyewe zilizaliwa mwaka 1903 ili kuuza gazeti la L'Auto, na jezi ya njano iliyoanza mwaka 1919 ilifuata rangi ya karatasi za gazeti hilo.

Anayeishi kwa fadhila za mdhamini hulala akiwa na mashaka, na hakuna mfano unaonigusa kuliko wa timu ya Uholanzi ambayo leo inaitwa Visma-Lease a Bike. Iliwahi kuwa timu ya benki ya Rabobank. Oktoba 2012, baada ya ripoti ya Marekani kuanika udanganyifu wa dawa uliofanywa na Lance Armstrong na wenzake, benki hiyo ilijiondoa katika udhamini wa mchezo wa kulipwa. Timu ikaendelea kwa jina tupu la Blanco, kisha Belkin, kisha bahati nasibu ya taifa ikishirikiana na maduka ya Jumbo, hatimaye Jumbo-Visma. Mwaka 2023 ikafanya jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya: ilishinda mbio zote tatu kubwa katika msimu mmoja, Giro ya Italia kwa Primož Roglič, Tour kwa Jonas Vingegaard na Vuelta ya Hispania kwa Sepp Kuss. Katika Vuelta waliweka watu wao nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na mwisho wa mwaka huo huo Jumbo wakaondoka. Wiki chache baada ya Vuelta zilizungumzwa habari za kuiunganisha na timu ya wapinzani wao, Soudal Quick-Step, na mpango ule ulivunjika. Biashara gani nyingine duniani hupata ufanisi wa namna hiyo kisha ikalazimika kuzunguka na bakuli? Hakuna faida iliyowekwa akiba, kwa sababu ushindi wenyewe hauleti mapato ya kuweka.

Ni lazima kueleza fedha hizo hununua nini barabarani, maana mtu asiyefuatilia mchezo anaweza kudhani baiskeli ni mtu na miguu yake. Anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na huhifadhi nguvu nyingi. Kiongozi wa timu ana wasaidizi saba: wengine wa kumvusha tambarare, wengine wa kumwekea mwendo mlimani mpaka wapinzani waishiwe pumzi. Msaidizi wa daraja la juu kabisa ni mtu ambaye kwenye timu ndogo angekuwa kiongozi, na hulipwa hivyo. Tulishuhudia thamani yake Julai 2022, hatua ya 11. Juu ya mlima Galibier, Roglič na Vingegaard walimshambulia Pogačar kwa zamu, mmoja akirudi nyuma mwingine anachomoka, naye akajibu kila shambulio kwa sababu hakuna mwenzake aliyekuwa na uwezo wa kujibu kwa niaba yake. Walipofika kwenye mwinuko mkali wa Col du Granon miguu yake ilikuwa imekwisha. Vingegaard akachukua jezi ya njano siku hiyo na hakuivua tena. UAE walijifunza, wakafungua mkoba. Wakanunua wapandaji wa milima mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2025 timu yao ikapata ushindi zaidi ya mara 90 katika msimu, rekodi ya mchezo huu.

Lakini haki isemwe. Mwaka 2020, timu ya UAE ikiwa bado ya kawaida tu, Pogačar alimpokonya Roglič jezi siku ya mwisho kabla ya Paris, katika mbio za kupimana na saa kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles. Alikuwa na miaka 21. Na Septemba 2025 huko Kigali, Rwanda ilipoandaa ubingwa wa dunia wa barabara kwa mara ya kwanza barani Afrika, waendeshaji walivaa jezi za nchi zao, si za wadhamini. Pogačar alishambulia mapema mno, akasafiri peke yake kilomita zaidi ya 60 na kumaliza mbele ya Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Siku chache kabla, katika mbio za kupimana na saa, Evenepoel huyo huyo alikuwa amempita barabarani. Kwa hiyo kipaji kipo na hakinunuliki. Mkataba wa Pogačar na UAE unafika mwaka 2030. Fedha ndiyo inayokihifadhi mahali pamoja, ikamzungushia walinzi, na kuwazuia walinzi hao wasiende kuwa wapinzani.

Jambo hili la mwisho ndilo linalonisumbua. João Almeida alikuwa wa pili katika Vuelta ya 2025. Isaac del Toro wa Mexico aliongoza Giro mwaka huo mpaka siku ya pili kutoka mwisho, akamaliza wa pili. Wote wawili ni wa UAE. Katika soko lenye mgawo wa haki za televisheni, timu tatu au nne zingeweza kuwapa nafasi ya uongozi. Kuna jitihada za kubadili hesabu hiyo, ukiwemo mradi wa One Cycling ulioegemea mtaji wa Saudi Arabia, ambao shirikisho la dunia, UCI, liliukataa mwaka 2025 kwa maelezo kwamba hauendani na kanuni zake. Sina hakika kuwa fedha za Ghuba ndiyo dawa, kwani ndizo pia zilizopanua pengo. Ila kuiacha hali ilivyo kunaua timu. Arkéa-B&B Hotels ya Ufaransa ilifungwa mwishoni mwa 2025, na Lotto na Intermarché-Wanty za Ubelgiji zikaungana ili zipone.

Intermarché-Wanty tunaikumbuka kwa sababu ya Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2024, akiwa na timu hiyo ya bajeti ndogo, alishinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani ya pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua. Yeye ni mwenye kasi, na kasi ya mwisho huhitaji watu wachache kuliko milima. Jezi ya njano ni habari nyingine. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliishinda mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, zote akiwa na Sky, timu iliyokuwa tajiri kuliko zote wakati ule. Mteremko wa Kikuyu ulimpa mapenzi ya mchezo. Treni ya wasaidizi wa Sky ilimpa Paris.

Nani basi mwaka huu? Njia yenyewe inazipendelea timu nene. Siku ya kwanza Barcelona ni mbio za timu kupimana na saa, na anayetoka timu dhaifu ataanza Tour akiwa na deni la sekunde. Mbio za mtu mmoja kupimana na saa ni kilomita 26 tu, kutoka Évian hadi Thonon, kidogo mno kwa Evenepoel, ambaye silaha yake kuu ndiyo hiyo. Kisha Alpe d'Huez itapandwa siku mbili mfululizo, tarehe 24 na 25 Julai, na siku ya pili wanapitia kwanza Croix de Fer na Galibier. Huko wasaidizi ndio watakaoamua nani anabaki na nani anaachwa.

Visma imepungukiwa. Simon Yates, bingwa wa Giro ya 2025, alitangaza kustaafu Januari, na Tiesj Benoot na Olav Kooij wamehamia Decathlon. Vingegaard bado ni mpandaji wa pili kwa ubora duniani. Mwaka jana alimaliza wa pili katika Tour kwa tofauti ya dakika 4 na sekunde 24, kisha akashinda Vuelta. Red Bull-Bora-Hansgrohe ndiyo iliyotumia zaidi kuzikaribia UAE na Visma: kampuni ya vinywaji ilichukua hisa nyingi mwaka 2024, na sasa imemwongeza Evenepoel juu ya Florian Lipowitz, wa tatu mwaka jana. Viongozi wawili ni utajiri mpaka siku ambayo mmoja ataombwa kumsubiri mwenzake. Decathlon wana kijana Paul Seixas, aliyezaliwa mwaka 2006, mshindi wa mbio za vijana za Tour de l'Avenir. Wafaransa wanasubiri bingwa wao tangu Bernard Hinault mwaka 1985, na shinikizo litakuwa kubwa wamwingize mapema. Ningekuwa mdhamini ningemwacha akue mwaka mmoja zaidi.

Namwona Pogačar akishinda Tour ya tano na kuwafikia Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain, Vingegaard akifuata. Nafasi ya tatu nampa Lipowitz, mbele ya Evenepoel, kwa sababu ya zile siku mbili za Alpe d'Huez.