Kuku Wakae Upande Wao, Mtoto Atambae Upande Wake

Leo tunaongea juu ya kuku. Najua kuna mzee huko anauliza, muuguzi na kuku wapi na wapi? Ngoja nieleze.

Mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja na nusu huvijua vitu kwa kuvitia mdomoni. Akitambaa uani huokota kijiti, jiwe, na pia kinyesi cha kuku. Katika kinyesi hicho mara nyingi mna kijidudu kiitwacho kampailobakta, na wakati mwingine salmonela. Kuku mwenyewe huonekana mzima kabisa, lakini mtoto huharisha, pengine na damu, na kupata homa. Anayeharisha kila mara hawezi kuongeza uzito vizuri. Tunapotembelea maboma tunakuta choo kipo, maji ya kunywa yamechemshwa, na kuku amesimama juu ya meza!

Kuku wa kienyeji amezoea kujitafutia, lakini anafundishika. Yeye hufuata chakula, kivuli, na mahali alipolala jana. Basi wafungie katika banda na ua wao mdogo kwa siku saba hadi kumi, wale na kunywa humo humo. Kila unapowalisha, tikisa mkebe wenye punje za mahindi. Baada ya hapo wafungulie jioni, saa moja hivi kabla ya giza, kisha tikisa mkebe ule ule. Watakuja mbio. Ongeza muda kidogo kidogo.

Upande wao uwe mzuri kuliko wako. Weka kivuli, maji, fito za kulalia, viota vyenye nyasi kavu, na udongo mkavu wa kuogea vumbi. Kuku asiyepata vumbi kwake atachimba chini ya dirisha lako. Na tafadhali, makombo yasitupwe mlangoni pa jikoni. Nyanya akirusha ukoko wa ugali hapo mara moja tu, kazi ya wiki nzima imeharibika. Mwombeni kwa heshima autupe kule bandani. Kuwarushia mawe hakuwafundishi kitu, wanakimbia, wanarudi.

Ua unaweza kuwa wa matete, mabua ya mahindi au waya, urefu wa mtu mzima. Anayeruka, mpunguze manyoya makubwa ya bawa moja tu, ili akose usawa. Usikate manyoya machanga ambayo shina lake bado lina damu. Yakiota tena, utakata tena.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hudhani ua ukijengwa kazi imekwisha. Mwaka wa 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vitongoji maskini vya Lima, nchini Peru. Familia zilipewa nyua za kufungia kuku, lakini watoto wao waliharisha kwa kampailobakta zaidi kuliko wale ambao kuku wao walizurura. Mimi naona jambo hili si la kushangaza sana: kinyesi kilichokuwa kimetawanyika kinakusanyika mahali pamoja, na mtoto akiingia humo, au mama akitoka na matope miguuni, kinaingia nyumbani chote. Kwa hivyo banda liwe mbali na jikoni na kisima. Zoa kinyesi kila siku. Viatu vya bandani vibaki bandani. Nawa mikono kwa sabuni ukishaokota mayai, na kijana aliyetumwa kuyaokota anawe pia. Mtoto mdogo asiingie kabisa. Mtandikie mkeka safi upande wa pili wa ua.

Na mtoto akianza kuharisha, endelea kumnyonyesha na kumpa ORS. Ukiona damu, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, usingoje kesho. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.