Shule ya Bweni Isiwe Kisiwa

Mkoa wetu wa Ruvuma waijua vema thamani ya shule ya bweni. Tangu miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana waliojenga makao yao kisiwani Likoma walivuka maji kuja kufundisha katika mwambao wa Ziwa Nyasa, na mwaka 1898 Wabenediktini waliweka msingi wa misheni ya Peramiho, ambako kazi yao ilipanda hadi milima ya Umatengo. Wana wa Mbinga na wa mwambao walilala mabwenini, na wengi wao walitoka huko wakiwa makarani, walimu na waganga. Waislamu, walio wachache katika Mbinga na wengi zaidi upande wa Tunduru, walikuwa na vyuo vyao vya Kurani. Vyuo hivyo vililea dini na adabu, lakini havikutoa cheti cha kumwingiza kijana ofisini.

Tofauti hiyo ndiyo asili ya madai mengi ya Waislamu nchini kuhusu elimu. Jumuiya iliyojulikana kama East African Muslim Welfare Society ilikuwa ikijenga shule na kupanga chuo kikuu, lakini ilipigwa marufuku mwaka 1968, na BAKWATA ikaundwa mwaka huo huo. Shule za madhehebu zilitaifishwa kufuatia sheria ya elimu ya mwaka 1969 ili mtoto wa kila dini apate nafasi. Hata hivyo baadhi ya Waislamu waliona kwamba pengo la zamani halikuzibwa. Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyoanza katika miaka ya 1970, ilishirikiana na BAKWATA katika mambo ya elimu, mpaka walipofarakana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mojawapo ya mambo waliyogombania lilikuwa hili: je, shule za sekondari za baraza ziwe seminari za Kiislamu? Ugomvi huo ulikuwa wa wasomi vijana na viongozi wao, nao uliacha makovu. Lakini pia ulichochea ari ya kujenga shule, na matunda yake yaonekana hata leo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilichoanzishwa mwaka 2005.

Twayakumbusha haya kwa sababu siku hizi neno "msimamo mkali" hutamkwa upesi mno pale watu wanapoona kanzu na bweni. Kudai elimu si msimamo mkali. Mzazi wa Mbamba Bay anayeuza dagaa ili mwanawe asome hesabu na Kurani chini ya paa moja anafanya lile lile lililofanywa na mzazi wa Litembo alipompeleka mwanawe misheni.

Lakini hatari ipo, wala haifai kufumbiwa macho. Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na huko chini ng'ambo yake ni jimbo la Cabo Delgado, ambako vita vilizuka tarehe 5 Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 moto huo uliruka mto ukafika Kitaya, mkoani Mtwara, na mwaka 2021 ukafika Mecula, katika jimbo la Niassa linalopakana nasi. Vita hivyo havikuanza kwa bunduki. Kwanza vijana walijitenga na misikiti ya wazee wao, wakawakataza watoto kwenda shule za serikali, wakajifungia katika darasa zao wenyewe. Masheikh wa huko walikuwa wa kwanza kupinga na kuonya, lakini hawakusikilizwa ipasavyo. Umaskini na kukosa kazi, katika nchi yenye rubi na gesi, viliongeza kuni.

Funzo tunalolipata ni kwamba sumu hukaa pale ambapo hapana jicho la mzazi, la sheikh wala la mkaguzi. Na madhara ya bweni lisilo salama si ya itikadi peke yake. Mwezi Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera, na watoto wasiopungua 10 walipoteza maisha yao. Mwaka 2023 serikali ilizuia watoto wa chini ya darasa la tano kulala bweni. Agizo hilo lahusu shule zote, za dini na zisizo za dini, nalo lastahili kutekelezwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo twasema: Halmashauri za Mbinga na Nyasa zikague kila bweni kwa kipimo kimoja, la kanisa na la msikiti, na mkaguzi aingie kama mlezi, si kama askari. Viongozi wa vyuo wasajili shule zao, wafundishe masomo ya taifa pamoja na Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo ni somo la mtihani kama mengine, na wawafungulie wazazi milango siku yoyote. Wazee wa misikiti wanapoonya wasikilizwe mapema, kwani wao huwajua vijana wao kabla ya polisi. Na kijana anayelalamika kuwa hakupata nafasi ajibiwe kwa nafasi, maana kumjibu kwa shaka ni kumkabidhi kwa yule anayemngojea njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkoa wetu ufa bado ni mwembamba, na udongo wa kuuziba tunao.