Wake Wasioandikwa katika Nasaba za Eastlands

Mwanafunzi anapoagizwa na mwalimu wake kuchora nasaba ya jamaa yake, aghalabu huanza na babu, akateremka kwa baba, kisha akawapanga ami zake mmoja mmoja. Wanawake huingizwa mwishoni, pale nafasi iliposalia. Katika nyumba nyingi za Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo na Pumwani, mchoro wa namna hiyo huacha nje ndoa nzima: mke wa kwanza aliyefariki bila mtoto, mke wa mjini ambaye jamaa wa mashambani hawakumkubali, au mke wa mashambani ambaye watoto wa mjini hawakupata kuambiwa habari zake. Ndoa hizo zilikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi, na ukosefu huo una historia yake.

Nairobi ya wakoloni haikukusudiwa kuwa mji wa jamaa za Waafrika. Sheria ya kipande iliyopitishwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimwandikisha mwanamume tu: jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Mfanyakazi alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mkewe alibaki kwao akilima. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kufikiriwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Hata hapo, jina lililoandikwa katika daftari la kodi lilikuwa kwa kawaida moja, nalo ni la mume. Kisha, Aprili 1954, msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil ukawazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa hiyo, wengine wakapelekwa vizuizini na wengine wakarudishwa mashambani. Unyumba mwingi ulikatika siku hizo pasipo talaka wala kifo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Wanaofuatilia nasaba za mabwana wadogo wa Uingereza ya kale hukumbana nalo kila siku, maana vitabu vya parokia vya kuandikia ndoa vilianza kwa amri mwaka 1538, na kabla ya hapo hapakuwa na daftari la arusi. Mwenye ardhi aliyoipata moja kwa moja kwa mfalme alipofariki, ofisa wa mfalme aliwakusanya watu wa mahali hapo, wakaapa na kutaja ardhi ya marehemu, mrithi wake na umri wa mrithi huyo. Mke hakutajwa ila pale alipokuwa na haki katika ardhi hiyo. Ndipo watafiti wakageukia kumbukumbu za mahakama, kwani mjane alikuwa na haki ya kudai theluthi ya ardhi ya mumewe. Mara nyingi alidai akiwa tayari ameolewa tena, na karani akaandika kwamba fulani na mkewe, aliyekuwa mke wa fulani, wanadai kadha wa kadha. Sentensi moja ya karani imefichua ndoa mbili ambazo vitabu vya ukoo vilikuwa vimezisahau kwa karne nyingi.

Nasi tunayo mizani yetu ya namna hiyo, nayo ni barua ya chifu. Mtu anapofariki na mali yake kutakiwa kugawanywa, chifu huandika barua inayowataja waliosalia: wajane, wana na mabinti. Maombi hayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Chifu huandika anayoambiwa, na wanaomwambia ni wale waliofika ofisini kwake mapema. Kwa hiyo mtafiti asitosheke na barua. Asome na pingamizi, kwa sababu ndimo anamojitokeza yule aliyeachwa. Kwa hakika, ugomvi wa mirathi umehifadhi habari za ndoa nyingi kuliko picha za arusi.

Zipo na karatasi nyingine ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya nasaba: kitabu cha ubatizo chenye majina ya wazazi wote wawili, daftari la kadhi, fomu ya pensheni yenye jina la mrithi, ratiba ya mazishi yenye wasifu wa marehemu. Matangazo ya vifo magazetini nayo yasomwe kwa jicho kali. Nimepata kuona marehemu mmoja akitangaziwa mara mbili, kwa wajane wawili, na kila tangazo likinyamaza juu ya jingine!

Pumwani yataka tahadhari zaidi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha jinsi baadhi yao walivyojipatia fedha, wakajenga nyumba zao wenyewe na kujichagulia warithi, badala ya kuziacha zirudi kwa ukoo wa baba. Mwanamke wa namna hiyo ndiye mwanzilishi wa nasaba. Anayemtafutia mume kwa nguvu ili mchoro upendeze anaiharibu historia.

Haya si mambo ya udadisi mtupu. Mwaka 1976, katika kesi ya Yawe, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kuishi pamoja kwa muda mrefu kama mume na mke kwaweza kuchukuliwa kuwa ndoa. Mwanamke huyo alikuwa ameishi Nairobi na rubani wa Uganda kwa miaka tisa na kuzaa naye watoto wanne. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humtambua katika mirathi hata mke wa kimila ambaye mumewe alikuwa na ndoa ya cheti na mwingine. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa itumiwe kwa nadra. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imetaka ndoa za kimila zisajiliwe, na usajili huo ulianza mwaka 2017. Bibi aliyeolewa Makongeni mwaka 1965 ataandikishwa na nani, ikiwa mumewe na wazee waliopokea mahari wote wamekwisha kufariki? Na mitaa hii ya zamani inapobomolewa ili majumba mapya yajengwe, swali la nani alikuwa mke wa nani huwa swali la nani atapewa ufunguo.

Pale ambapo karatasi zimekoma, majina husaidia. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza wa mke huitwa jina la mama ya mume, na wa pili jina la mama ya mke. Ukiwakuta mabinti wawili wa baba mmoja, wote ni Wanjiru, na nyanya yao mzaa baba naye ni Wanjiru, usidhani karani amekosea. Huenda kuna mama wawili. Na ikiwa binti wa pili wa mmoja wao anaitwa Nyambura, ilhali hakuna Nyambura ajulikanaye katika ukoo, waulizwe wazee: huyo ni mama ya nani, na binti yake aliolewa hapa lini?