Pituitari: Tezi Ndogo Inayoita, Shingo Inayoitika



Darasani tumejifunza kwamba mama akikuita, hujibu kwa kusema "Nini?" Msichana huitika "Abee", mvulana huitika "Naam", na pwani wengine husema "Labeka". Usipoitika, mama hufikiri hujasikia, basi hupaza sauti. Ukiitika, hunyamaza. Wiki hii tunasoma kuhusu tezi iliyo kichwani mwako ambayo huishi kwa adabu hiyohiyo, usiku na mchana.

Iko wapi, na inafanya nini?

Weka kidole katikati ya nyusi zako. Ndani, nyuma ya hapo, chini ya ubongo, kuna kishimo cha mfupa kinachofanana na tandiko la farasi. Humo ndimo inamokaa tezi ya pituitari. Ni ndogo kama punje ya njegere, na uzito wake ni kama nusu gramu tu.

Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo hupima hali ya mwili: joto, kiu, njaa, usingizi, hofu. Kisha huiambia pituitari la kufanya. Pituitari nayo hutuma homoni, yaani ujumbe wa kemikali unaosafiri ndani ya damu. Baadhi ya ujumbe huo ni huu:

- Homoni ya ukuaji, inayorefusha mifupa ya watoto. Hutoka kwa wingi saa za kwanza za usingizi mzito. Kwa hiyo mzazi anayesema "zima simu ulale" ana hoja.
- Homoni inayoziambia figo zitunze maji. Ukikaa muda mrefu bila kunywa, mkojo hupungua na rangi yake hukolea.
- Homoni mbili zinazoanzisha balehe.
- Homoni inayoziamsha tezi ndogo zilizo juu ya figo, ili mwili ustahimili ugonjwa na mashaka.
- Prolaktini, inayotengeneza maziwa ya mama, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke mtoto anaponyonya.
- TSH, inayokwenda shingoni kuiita tezi ya thairoidi. Hii ndiyo tutakayoifuata leo.

Kuita na kuitika

Thairoidi iko mbele ya koo, nayo ina umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe vipi, na ubongo wa mtoto mchanga ukue vipi. Homoni yake kubwa huitwa T4. Hiyo namba 4 ina maana: kila chembe yake hubeba atomi nne za iodini, ambayo Watanzania wengi huiita madini joto. Bila madini joto, hakuna T4.

Pituitari huita kwa TSH, na thairoidi huitika kwa T4. T4 ikifika ya kutosha katika damu, pituitari husikia na kushusha sauti. Ikipungua, pituitari hupaza sauti: TSH hupanda. Hivyo mwili hujirekebisha wenyewe bila wewe kujua.

Lakini itakuwaje thairoidi ikitaka kuitika na haina madini joto? Pituitari haijui kwamba tatizo ni chakula. Inachojua ni kwamba imeita na haikujibiwa. Basi huita tena na tena, kwa sauti kubwa zaidi. TSH nyingi huifanya thairoidi ikue, kana kwamba inaongeza wafanyakazi katika kiwanda kisicho na malighafi. Shingo huvimba. Uvimbe huo ndio goita, au rovu.

Kisiwa cha Idjwi

Baadhi ya familia zetu zinatoka Kivu, na wazee wanawakumbuka watu wenye rovu. Katika Ziwa Kivu, kati ya Goma na Bukavu, kuna kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 madaktari Wabelgiji, akina François Delange na André Ermans, walikichunguza. Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, wenye rovu walikuwa wachache sana. Ajabu ni kwamba madini joto yalikuwa haba pande zote mbili.

Uchunguzi uliendelea, na ukaelekeza kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya asili. Usipolowekwa na kuanikwa vizuri, mwili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kinachoizuia thairoidi kunasa madini joto kidogo yaliyopo. Basi shida zilikuwa mbili kwa pamoja: malighafi kidogo, na mlango uliozibwa.

Msiogope ugali wa muhogo wala sombe. Bibi zetu waliokuwa wakiloweka muhogo kwa siku kadhaa kabla ya kuuanika walijua wanachofanya. Na mtu anayepata madini joto ya kutosha ana kinga kubwa.

Maziwa Makuu ya huku

Wengine hudhani rovu ni ugonjwa wa Afrika. Sivyo. Miaka 100 iliyopita, nchi inayoyazunguka Maziwa Makuu ya Marekani, pamoja na Ohio na upande wa Buffalo, ilijulikana kwa rovu. Barafu kubwa za kale na maji yake ziliacha udongo usio na madini joto ya kutosha, nayo mazao yakawa hivyohivyo.

Mwaka 1917, daktari David Marine na mwenzake Oliver Kimball walianza kazi katika shule za Akron, Ohio, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Columbus. Wasichana waliokubali walipewa madini joto kwa vipindi vifupi, mara mbili kwa mwaka. Katika wasichana 2,190 waliopewa, ni 5 tu waliovimba thairoidi. Katika 2,305 ambao hawakupewa, walivimba 495.

Mwaka 1924, chumvi yenye madini joto ilianza kuuzwa katika jimbo la Michigan. Rovu likaanza kutoweka. Pituitari za watoto zilikuwa zimepata jibu, zikashusha sauti.

Tone la damu kisiginoni

Rovu huonekana. Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi vizuri, hata kama mama alikula vyema. Anapozaliwa huonekana mzima, kwa sababu homoni ya mama ilimsaidia tumboni. Baadaye, asipotibiwa, ubongo wake hauendelei inavyopasa, na kilichopotea hakirudi.

Hapa Buffalo ina sifa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya mji huo, alibuni njia ya kuchukua matone ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga, kuyakausha kwenye karatasi maalumu, na kuyapima ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao. Miaka ya 1970, Jean Dussault wa Quebec, Kanada, alitumia karatasi ya namna hiyohiyo kuipima thairoidi. Leo kila mtoto anayezaliwa Kentucky, Ohio au New York hupimwa hivyo, kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili. Akigunduliwa na kuanza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake.

Kuisoma karatasi ya maabara

Wazazi wengi huona TSH imeandikwa "juu" wakadhani thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi ni kinyume. Kumbukeni mama na mtoto:

- TSH juu, T4 chini: mama anapiga kelele, mtoto haitiki. Thairoidi imechoka.
- TSH chini, T4 juu: mtoto anapiga kelele, mama amenyamaza. Thairoidi imezidisha.
- TSH haikupanda, na T4 iko chini: mtoto hajaitwa. Huenda shida iko kwenye pituitari yenyewe, na daktari atatafuta huko.

Kwa wazazi

1. Hospitali ikipiga simu kusema mtoto mchanga arudiwe kupimwa, nendeni siku hiyohiyo au kesho yake, hata kama ananyonya vizuri na analala vizuri.
2. Ombeni mkalimani. Hospitali hutakiwa kuwapatia bila malipo. Mtoto wa shule asibebeshwe kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa.
3. Dawa ya thairoidi isiachwe kwa sababu mtoto amepata nafuu. Nafuu hiyo inaletwa na dawa. Daktari ndiye atakayesema ipunguzwe au isimamishwe.
4. Angalieni chumvi. Hapa Marekani huuzwa ya aina mbili, yenye madini joto na isiyo nayo. Tafuteni neno "iodized" kwenye paketi. Chumvi ya mawe na nyingi za "bahari" hazina, na vyakula vingi vya viwandani hupikwa kwa chumvi isiyo nayo. Msiongeze chumvi, badilisheni aina.
5. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 220, anayenyonyesha 290. Maziwa, mayai na samaki wa baharini husaidia. Ndagala wa ziwani ni watamu, lakini madini joto yao ni kidogo. Mama mjamzito amwulize mkunga au daktari kama vidonge vyake vina madini joto.

Msamiati wa wiki

- tezi: kiungo kinachotengeneza homoni, mate, jasho na kadhalika
- homoni: ujumbe wa kemikali unaobebwa na damu
- rovu: uvimbe wa thairoidi shingoni
- kuitika: kujibu unapoitwa
- haba: kidogo, isiyotosha

Kazi ya nyumbani

Chukua paketi ya chumvi iliyo jikoni, soma maandishi yake, kisha mweleze bibi, babu au mzazi kwa Kiswahili kama ina madini joto au haina. Halafu muulize: kwao muhogo ulilowekwa siku ngapi, na ulianikwa vipi? Andika majibu yake kwa sentensi tano, uje nayo Jumamosi.