Ukichimba Msingi Ukakuta Gamba la Jiwe

Mkazi wa Mji wa Kale hana haja ya kwenda mbali kuona visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Tazama ukuta uliobanduka lipu, au jabali ambalo Wareno walijenga Fort Jesus juu yake kuanzia mwaka 1593. Utaona matumbawe na magamba ya chaza. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba uliokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita.

Ng'ambo ya Makupa, upande wa Changamwe, kuna mabaki ya kale zaidi. Matope ya bahari yaliyogandamana huko yana umri wa takriban miaka milioni 150. Ndani yake mna amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi waliokaa ndani ya gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Aina moja, Aspidoceras, ilikuwa na safu mbili za miiba kila ubavu. Amonaiti wote walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati wa dinosaria.

Mjerumani J. M. Hildebrandt alikusanya amonaiti wa Mombasa, na mwaka 1877 Ernst Beyrich akachapisha maelezo yao mjini Berlin. Wanafanana na wale wa Kachchh, India, walikotoka mababu wa baadhi ya familia za hapa. Zama hizo India ilikuwa bado jirani ya Afrika.

Ukikuta kisukuku

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii kuyaarifu Makavazi ndani ya siku 7. Kwa hiyo:

- Simamisha uchimbaji mahali hapo. Usiligonge gamba wala kulisugua.
- Lipige picha likiwa pale pale, na sarafu kando yake kuonyesha ukubwa.
- Andika mtaa, kina cha shimo na tarehe.
- Toa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, Fort Jesus.

Wataalamu husoma umri wa kisukuku kutokana na tabaka lilipolala. Gamba lililowekwa kabatini bila kuandikwa lilikotoka hubaki pambo tu, na shimo likishamwagwa zege, hakuna wa kulirudisha mahali pake.