Watoto Wana Miaka Mingapi?

Swali la kwanza mapokezi halikuwa jina. "Karibuni sana, mama. Watoto wana miaka mingapi?" Nikasema mdogo ana minane, mkubwa kumi na mmoja. Mkubwa akadakia kwa fahari kwamba wiki ijayo anatimiza kumi na miwili. Binti wa mapokezi akacheka, akaandika kumi na mmoja, nami nikashusha pumzi. Katika hoteli nyingi za ufuoni Mombasa, mtoto aliyefika kumi na miwili hulipiwa kama mtu mzima, na aliye chini ya hapo hulipiwa nusu, au halipiwi kabisa akilala chumba kimoja na wazazi.

Hoteli yetu, pale Bamburi, si ya kifahari wala si gesti. Orofa tatu, mkahawa chini ya paa la makuti, bwawa la kuogelea katikati. Ilijengwa, kama jirani zake wengi, enzi ambapo ndege za kukodi zilikuwa zikishusha Wajerumani na Waingereza Mombasa kwa likizo za wiki mbili. Hesabu ya biashara ile ilikuwa nyepesi: bei imeshapatanwa na kampuni ya safari Ulaya miezi mingi kabla, mgeni anakaa siku kumi na nne, na kila jioni yuko baa.

Mgeni yule alipungua kwa mikupuo. Kulikuwa na ghasia za Likoni 1997, bomu la Kikambala 2002, machafuko ya uchaguzi wa 2007, kisha Mei 2014, Uingereza ilipotoa onyo la usafiri na kampuni za safari zikawaondoa wateja wao kabla likizo haijaisha. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Mlango ulipofunguliwa tena, aliyetangulia kuingia alikuwa mtu wa Nairobi, Nakuru au Eldoret, na watoto wake nyuma.

Reli ilikuwa imeshamzoesha safari. Treni ya Madaraka Express, ya kati ya Nairobi na Mombasa, ilipoanza kubeba abiria Juni 2017, kiti cha daraja la kawaida kilikuwa shilingi 700. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na bado shule zikifungwa lazima uwahi tiketi.

Lakini jamaa huyu hakai wiki mbili. Anakaa siku tatu, na hapo ndipo hesabu ya zamani inapovunjika. Katika muda ambao Mjerumani mmoja angemaliza likizo yake, chumba kilekile sasa hupokea familia nne au tano. Kila moja ikiondoka, shuka zote zinavuliwa, godoro la ziada linatolewa na kurudishwa, mchanga unafagiwa chini ya vitanda, na mapokezi wanauliza upya watoto wana miaka mingapi. Tena wote huja pamoja: Aprili, Agosti, Desemba, na wikendi zenye sikukuu. Mei, masika yakiwa yamekolea na kusi limeshaichafua bahari, korido nzima huwa giza, na wengi walioajiriwa kwa msimu wamerudi Kilifi na Kwale kusubiri simu.

Jikoni nako kumebadilika. Sisi tulilipia kitanda na milo miwili, asubuhi na jioni. Kwenye bafe, samaki wa kupaka amekaa jirani na ugali, sukuma wiki na nyama choma, vyakula ambavyo hoteli hizi hazikujengwa kwa ajili yake. Nilimuuliza mpishi ni nini huisha kwanza. "Chipsi na soseji, mama. Hao wa nusu bei hawali nusu." Viazi vyenyewe hupandishwa lori kutoka bara, kwa hiyo sehemu ya pesa tuliyoleta pwani ilikuwa ikirudi huko kwa barabara kabla hata sisi hatujapata treni.

Utasema wageni wanafuata bahari. Bahari ni bure, na ufuo ni wa umma. Zaidi ya hayo, maji ya pwani hii yakipwa siku za bamvua hushuka zaidi ya mita tatu na kurudi mpaka kwenye miamba, na mtoto aliyekuja kuogelea anabaki ametazama mwani na madimbwi. Anarudi bwawani. Kando ya bwawa kuna soda, na bei ya soda ile haihusiani na bei ya dukani. Ndiyo maana mlinzi langoni alichungulia mifuko yetu: vinywaji vya nje haviruhusiwi. (Maji na juisi nilizonunua supamaketi zilikuwa chini ya taulo. Sijivunii.)

Katika bei ya chumba, hoteli inatoa VAT ya asilimia 16 na tozo la utalii la asilimia 2. Kisha inapigana na chumvi. Hewa ya bahari inakula kila chuma. Kiyoyozi chetu kilivuja usiku wa kwanza, fundi akaja mara mbili, mara ya tatu tukaletewa ndoo. Makuti nayo lazima yaezuliwe na kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji ya bomba mjini humu yakikatika, hununuliwa kwa lori.

Anayekosesha usingizi wenye hoteli, nadhani, ni mwenye fleti ya kukodisha kwa siku, kule Nyali na Bamburi. Fleti ina jiko na friji, na haina mlinzi wa mifuko. Familia mbili zikichanga, zinatafuta mpishi wa Kiswahili awapikie pilau, na jioni wanakwenda ufuo uleule.

Siku ya kuondoka, saa nne kamili, mhudumu wa vyumba alikuwa ameshasimama mlangoni na toroli lake. Mapokezi, binti yuleyule akaniambia nikilipia arubuni kabla Oktoba haijaisha, Desemba nitapata bei hii ya Agosti. Nikamwambia aandike: wakubwa wawili, watoto wawili.

"Huyu mkubwa, mama, Desemba tutamhesabu mtu mzima."

Mwanangu akatabasamu mpaka masikioni. Nikamwomba binti anisubirie kidogo, nikatoka nje kumpigia dada yangu kumuuliza zile fleti za Nyali ni shilingi ngapi.